Korosho ikishuka bei kodi ya nyumba haishuki: halmashauri zijenge nyumba za kupangisha

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie nyumba katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi. Kila vyuma vinapokaza, ujenzi ndio huwa wa kwanza kusimama. Halmashauri zinafunga mafungu, mitambo inaondoka, mafundi wanabaki vijiweni. Sisi tunaofanya kazi ya kukadiria na kusimamia majengo huku Kusini tunaona mambo yanafanywa kinyume. Wakati wa ukata ndio wakati hasa wa halmashauri kujenga nyumba za kupangisha kwa kodi nafuu, na zikishajengwa zisiuzwe.

Uchumi wa huku una msimu wake. Minada ya korosho inaanza Oktoba, fedha zinaonekana mpaka Januari au Februari, kisha mifuko inakauka. Kodi ya pango haijui msimu. Mwenye nyumba wa Chikongola au Rahaleo, mjini Mtwara, anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Kodi hiyo ikiiva Julai, mikorosho ikiwa bado kwenye maua, mpangaji mwenye shamba anabakiwa na mlango mmoja tu ulio wazi, nao ni kangomba. Anauza korosho ambazo hazijaanguka chini, kwa bei ya kutupa, ili asitolewe vitu nje. Kila mwaka viongozi wanakemea kangomba kwenye mikutano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Hatujasikia mkutano hata mmoja ukiuliza ni kodi za nyumba ngapi zimelipwa kwa kangomba hiyo.

Msimu wa 2018 ulionyesha wazi mnyororo huu unavyovuta. Mwaka mmoja kabla yake, kilo ya korosho ghafi ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwenye baadhi ya minada. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yakapitia uhakiki, na wengi wakasubiri miezi. Katika miezi hiyo hakuumia mkulima peke yake. Mama lishe wa stendi alikosa wateja, bodaboda akakosa abiria, muuza vitenge akafunga duka, kuli akakosa magunia ya kubeba. Hao wengi wao ni wapangaji wa mjini wasio na mti hata mmoja wa mkorosho, na kodi zao hazikushuka hata shilingi.

Kisheria hawana pa kukimbilia. Sheria ya udhibiti wa kodi ya pango ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kusikiliza mgogoro wa mkataba, lakini halipangi kodi. Hata kodi ya jengo ya serikali, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa vitendo anaitoa anayenunua umeme, na anayenunua umeme ni mpangaji. Hatusemi tuirudishe sheria ya zamani. Kodi ikibanwa kwa amri bila kuongeza nyumba, mwenye nyumba anaacha kukarabati au anapokea tofauti chini ya meza. Kinachomtuliza mwenye nyumba binafsi ni kuona jirani yake kuna nyumba nzuri ya umma yenye kodi ya haki, na mpangaji anaweza kuhamia huko.

Mtwara imeshaonja pia balaa la upande wa pili, la fedha kuja kwa kishindo. Mji wenyewe ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ukajengewa bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukaachwa 1951, na reli ikaja kung'olewa. Miaka ya 2010 ikawa zamu ya gesi. Nyumba za Shangani zikapangishwa kwa kampuni, watumishi na wafanyabiashara wadogo wakasukumwa pembezoni, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika 2015 wageni wakaondoka. Waliokopa kujenga nyumba kubwa za wageni hao wakabaki na geti, ukuta mrefu na deni. Sasa Lindi inasubiri mradi wa gesi asilia ya kusindikwa kule Likong'o. Mazungumzo yamechukua miaka, na hilo ni jambo jema kwa Manispaa ya Lindi kwa maana moja tu: bado ina muda wa kutenga ardhi ya Mitwero, Ngongo na Kineng'ene kabla madalali hawajaitenga. Viwanja vikishauzwa kwa bei ya gesi, hakuna kodi nafuu itakayojengwa juu yake.

Tunaposema nyumba za umma hatuna maana ya kile ambacho kwa miaka mingi kimeitwa nyumba za gharama nafuu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujenga nyumba ambazo mtu wa kipato cha chini angeweza kupanga. Baadaye miradi mingi iligeuka kuwa ya kuuza. Nyumba ya kuuza, hata iwe ndogo namna gani, inamtaka mtu mwenye mkopo wa benki, na mkopo wa benki unataka hati ya mshahara. Muuza samaki wa Mikindani hana hati hiyo. Tukumbuke pia kwamba kuanzia 2002 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi. Waliouziwa walinufaika mara moja. Mtumishi aliyepangiwa kituo mwaka uliofuata alikuta hakuna nyumba, akaingia mtaani kugombea chumba na wananchi, na kodi zikapanda kwa wote.

Waingereza walifanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Sheria yao ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua kwa punguzo, zikauzwa karibu nyumba milioni 2, na zilizojengwa kuziba pengo hazikufika hata karibu. Hispania nayo ilizoea kujenga nyumba za kijamii za kuuza, ikabaki na chache mno za kupangisha, na mtikisiko wa 2008 ulipokuja familia zilizoshindwa mikopo zilitolewa nje na serikali haikuwa na mahali pa kuzipeleka. Mji wa Vienna, Austria, ulienda njia nyingine. Ulianza wakati mgumu kuliko wetu, baada ya vita na mfumuko wa bei uliofanya fedha kuwa karatasi. Mwaka 1923 ukaweka kodi maalumu ya nyumba, mwenye jumba la kifahari akilipa mara nyingi zaidi ya mwenye chumba, na hadi 1934 ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000. Jengo moja tu, Karl-Marx-Hof, lina nyumba 1,382. Jambo la kushika hapo ni kwamba Vienna haikuziuza. Mpaka leo manispaa ile inamiliki nyumba zipatazo 220,000, na kila uchumi unapoyumba kuna watu ambao kodi yao haiyumbi nao.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo mipango mingi inapofia. Watu hudhani nyumba ni ghali kwa sababu ya saruji. Saruji ina sehemu yake, na sisi tuna bahati ya kiwanda cha Dangote hapahapa Mtwara. Kinachoua kodi nafuu ni riba na muda wa mkopo. Chukua nyumba ya shilingi milioni 24, ardhi ikiwa imetolewa bure na halmashauri. Ukikopa benki kwa riba ya asilimia 15 na kurejesha kwa miaka 15, rejesho ni karibu shilingi 336,000 kwa mwezi. Nyumba hiyohiyo, tofali lilelile, kwa riba ya asilimia 5 na miaka 30, rejesho ni 129,000. Kwa asilimia 3 na miaka 30 ni 101,000. Bila riba kabisa ni 66,700. Hakuna fundi duniani atakayebana matumizi ya saruji akaokoa shilingi 235,000 kwa mwezi, lakini aina ya mkopo inaokoa.

Kuna wanaopendekeza hatifungani ya halmashauri, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa riba na muda maalumu, wakitoa mfano wa ile ya maji ya Tanga ya 2024. Ile ni kazi nzuri kwa maji, lakini ni ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Ukijenga nyumba yetu ya milioni 24 kwa masharti hayo na kuyalipa kwa mafungu sawa, ni kama shilingi 365,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mhandisi wa bandari. Fedha ya nyumba za umma lazima iwe ya muda mrefu na riba ndogo, yaani itoke Hazina kama mkopo wa ndani kwa halmashauri, au iwe mkopo nafuu wa nje ambao Hazina inaupitisha bila kuongeza riba yake juu.

Watasema serikali haina utaratibu wa namna hiyo. Upo, na umeshatumika katikati ya mtikisiko. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa fedha za UVIKO-19, mkopo nafuu wa shilingi trilioni 1.3, na ndani yake yakajengwa madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Mengi yalisimama ndani ya miezi michache kwa fosi akaunti: kamati ya shule ikanunua vifaa, mafundi wa kata wakajenga, mhandisi wa halmashauri akasimamia. Fedha zile ziliingia hadi kijijini kwa mchimba mchanga, mponda kokoto, seremala wa madawati na mama aliyewapikia mafundi. Nyumba 100 za mfano wetu ni shilingi bilioni 2.4, sawa na madarasa 120. Tena darasa halirudishi hela moja kwa moja, ilhali nyumba inarejesha kila mwezi.

Tofauti moja lazima isemwe. Darasa ni chumba kimoja kikubwa kisicho na choo wala jiko, na bei za vifaa zimepanda tangu wakati ule. Ndiyo maana hatuwezi kujenga nyumba zilizotawanyika, kila moja na uwanja wake. Nyumba tunayoizungumzia ina upana wa mita 6 na kina cha mita 7, jumla mita za mraba 42: vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu ndani, baraza mbele na ua mdogo nyuma. Zinajengwa kwa safu ya nane au kumi, zikichangia ukuta wa pembeni. Ukuta mmoja wa mita 7 kwa kimo cha mita 2.7 ni karibu mita za mraba 19, yaani matofali kama 170 yanayookolewa kwa kila nyumba, bila kuhesabu lipu na rangi ya upande wa nje. Bomba la maji na la majitaka linapita mara moja nyuma ya safu nzima.

Safu ina hatari yake, nayo tumeiona kwenye nyumba nyingi za kupangisha. Mjenzi anataka kuokoa, anaukomesha ukuta wa kati ya nyumba na nyumba kwenye usawa wa dari. Juu ya dari kunabaki uwazi mmoja kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya kumi. Mwizi akipanda nyumba moja anatembea juu ya dari na kushuka ya tano, na moto ukianza jikoni kwa jirani unapita huko juu kabla mtu hajanusa moshi. Ukuta wa kati uende mpaka uguse bati, na tundu zote za nyaya zizibwe kwa udongo wa saruji. Ni matofali machache tu kwa kila ukuta. Mkaguzi apande ngazi aone kwa macho yake kabla dari haijafungwa.

Tofali nalo lina siri. Nyumba yetu moja inakula takriban matofali 1,000 ya inchi 6 pamoja na msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 25 mpaka 30, tofali ni imara. Wapo wanaotoa 50. Kwa 30 unahitaji mifuko 34. Kwa 50 unahitaji 20. Mifuko 14 imeingia mfukoni mwa mtu, na nyumba itadai mingi zaidi ya hiyo kwenye ukarabati. Tofali la aina hiyo unalijua: ukilikwaruza kwa msumari linamwaga mchanga, ukiliachia kutoka usawa wa kiuno linavunjika vipande. Hata saruji ikitosha, tofali lisilomwagiliwa linaharibika vilevile. Jua la Mtwara linakausha tofali kwa nusu siku, na saruji iliyokauka kabla ya kushika haishiki tena. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizopungua, kivulini au chini ya makuti, ndipo lipakiwe kwenye gari.

Mchanga wa ufukweni ni adui mwingine. Uko karibu, mweupe, hauna gharama ya lori, na una chumvi. Chumvi inavuta unyevu, lipu inatoka madoa meupe, inavimba na kubanduka kuanzia chini. Hilo ni la macho tu. Baya zaidi ni ndani ya zege, ambako chumvi inaila nondo. Nondo yenye kutu inavimba na kulipasua zege lililoifunika, na linta, boriti ya zege juu ya mlango au dirisha, inaning'inia. Zabuni itaje machimbo ya mchanga kwa jina, na lori likifika mhandisi achukue konzi moja, aitie kwenye maji safi, aonje. Ikiwa na chumvi, lirudi lilikotoka. Sehemu zenye udongo mwekundu unaofaa, matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine ni njia nzuri, kwa kuwa hayahitaji saruji nyingi ya kujengea. Ila udongo upimwe kwanza: ujazwe umelowa kwenye kisanduku kirefu cha mbao, ukaushwe, na kadiri unavyosinyaa zaidi ndivyo unavyotaka saruji zaidi au kuchanganywa na mchanga. Anayeruka kipimo hiki atapata kuta zenye nyufa kabla ya masika ya pili.

Paa halihitaji maneno mengi, lakini lisipuuzwe. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth kilitupita jirani na kuingia Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mkanda wa zege uzunguke kuta zote, kenchi zifungwe kwa nondo iliyozamishwa kwenye mkanda huo na si kwa msumari mtupu, na kwenye kingo za paa msumari upigwe kila mgongo wa bati. Karibu na bahari bati la geji 30 huanza kutoboka kwenye misumari. Bora geji 28, ambalo ni nene zaidi, hata kama vyumba itabidi vipungue ukubwa kidogo. Na kila safu iwe na mifereji ya paa na tangi. Paa la mita za mraba 50 linakusanya lita 50 kwa kila milimita ya mvua. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa inayopotea, ni kama lita 36,000 ambazo mpangaji hatazinunua kwa madumu pale bomba linapokauka.

Kodi sasa. Rejesho la 101,000, lile la asilimia 3 kwa miaka 30, ongeza 20,000 ya ukarabati, ambayo ni asilimia 1 ya gharama ya nyumba kwa mwaka, na 6,000 ya akiba ya hali ngumu. Jumla 127,000. Familia yenye kipato cha 380,000 kwa mwezi inatoa theluthi moja. Hatudai kwamba inamfikia kila mtu. Kwa wenye chini ya hapo kila safu iwe na nyumba mbili za chumba na sebule, nusu ya bei. Ile 20,000 ya ukarabati ikae kwenye akaunti yake, isiguswe kwa posho wala mafuta ya gari. Nyumba nyingi za umma nchini hazikuuawa na umri. Ziliuawa na kodi iliyogandishwa miaka mingi na fungu la ukarabati lililochanganywa na mapato mengine.

Tarehe za kulipa zifuate uchumi wa Kusini. Kodi ya mwaka ni 1,524,000. Mpangaji mwenye korosho achague kalenda ya msimu: 300,000 kila mwezi wa Novemba, Desemba na Januari, kisha 69,000 na ushee kwa miezi tisa iliyobaki. Mwenye mshahara wa mwezi alipe sawasawa kila mwezi. Dhamana iwe ya mwezi mmoja, si sita. Tunaziomba sana halmashauri zisije zikaweka kodi hii kwenye makato ya AMCOS kwa lazima. Mkulima amechoka na makato asiyoyaelewa, na akiona jipya atarudi kangomba. Alipe mwenyewe kwa simu, kwa ankara yenye namba ya malipo ya serikali, na asipewe mtu fedha taslimu mkononi.

Ile akiba ya 6,000 ndiyo kazi halisi ya nyumba hizi wakati wa mtikisiko. Kwa nyumba 100 inakusanya shilingi milioni 7.2 kwa mwaka. Mpangaji aliyefukuzwa kazi au ambaye mnada umemwangusha anaomba nafuu ndani ya mwezi wa kwanza wa kukwama, analipa nusu kwa miezi sita, na mfuko unafidia 381,000. Unawabeba watu kama 18 kwa mwaka mmoja, na msimu ukiwa mzuri unajikusanya. Asiyeomba na halipi, apewe barua mwezi wa kwanza, aitwe mwezi wa pili, apelekwe barazani mwezi wa tatu. Deni la miaka miwili halilipiki, na linawafundisha wengine wasilipe. Kucheleweshwa huko ndiko kulikochangia hata kuiangusha Benki ya Nyumba Tanzania iliyofungwa 1995: mikopo ilitolewa, marejesho hayakufuatiliwa.

Upangaji nao uwe wazi. Orodha ya waombaji na alama zao ibandikwe ofisi ya kata, familia moja nyumba moja, na kila Agosti mtendaji wa mtaa na mjumbe wapite mlango kwa mlango kuona anayeishi ndani ni yule aliyesaini. Bila hilo nyumba za 127,000 zitachukuliwa na wenye majina na kupangishwa tena kwa 250,000, na tutakuwa tumejenga biashara ya watu kwa fedha za wananchi.

Linabaki swali la mtaji wa halmashauri yenyewe. Ushuru wa mazao ni asilimia 3 ya bei, kwa hiyo korosho ikianguka na ushuru unaanguka siku ileile ambayo wananchi wanahitaji msaada. Fedha ya kujenga wakati wa ukata lazima iwekwe wakati wa neema. Bei ikivuka makadirio ya bajeti, nusu ya ziada ya ushuru ifungiwe kwenye akaunti ya nyumba. Halmashauri zenye gesi, kama Kilwa na zile za Mtwara, zinapata pia ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, na ushuru huo haufuati mvua wala soko la korosho. Sehemu yake iwe dhamana ya mkopo wa Hazina. Kenya wameamua kumkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri asilimia 1.5 kwa sheria ya 2024. Kwetu hatuoni kama inafaa, kwa kuwa wengi hawana mshahara wa kukatwa, na walio nao watakatwa wakati ambao wanahitaji kila shilingi.

Mabaraza ya madiwani ya Mtwara Mikindani na Lindi yanaanza kuchambua bajeti ya mwaka ujao muda si mrefu. Tunaomba yaweke vitu vinne kwa maandishi: ekari za nyumba za umma zipimwe na zisajiliwe kwa jina la halmashauri zikiwa na sharti la kutouzwa; MTUWASA na LUWASA, mamlaka za maji za Mtwara na Lindi, zifikishe bomba kabla ya msingi kuchimbwa; michoro ya nyumba ya mita za mraba 42 na vipimo vyake viwe tayari kabatini, ili fedha ikija isisubiri mwaka wa michoro; na mafundi wa kata waanze kusajiliwa sasa, kwa kupimwa kazi zao. Tofali lao la kwanza liachiwe kutoka usawa wa kiuno mbele ya mhandisi. Lisilovunjika, mwenyewe aandikwe jina.

Ni sisi wasomaji wako,
Wakadiriaji majenzi na wasimamizi wa ujenzi,
Mtwara na Lindi.